Nedelka Stamatova, Aliyeitangazia Zahanati Msiba

Ndugu wafiwa, Padri Sotir, majirani wa Kamenitovo na nyote mliopanda kutoka mjini, familia imenipa mimi, jirani wa ukuta mmoja, kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, kwa kuwa mengi tuliyaona na mengine yalitufikia kupitia ukuta huo huo.

Marehemu Nedelka alizaliwa hapa hapa kijijini tarehe 9 Februari 1944, mtoto wa tatu wa mzee Rangel mfinyanzi na mama Todora, akasoma shule yetu kuanzia Septemba 1951 hadi Juni 1959, hesabu akizijua vizuri na kwaya akiiharibu, kisha akaenda mjini kusomea kazi ya posta. Tarehe 1 Agosti 1962 aliajiriwa posta ya kijiji, alikokaa mpaka alipostaafu mwaka 1999, na katika miaka yote hiyo hakufungua barua ya mtu, ingawa bahasha alikuwa akiziinua juani kidogo, kwa usalama.

Tarehe 3 Oktoba 1965 aliolewa na Tsanko Stamatov, fundi wa mapipa ya mvinyo, baada ya kumkataa mwalimu mmoja ambaye leo yupo hapa na mkewe, kwa hiyo hayo tuyaache. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gergina mwaka 1967 na Lyuben mwaka 1971.

Tsanko alishikwa na kisukari, akawa anachomwa sindano kila asubuhi na muuguzi wa zahanati yetu, maana mikono yake ilitetemeka na Nedelka akiona sindano alizirai, basi tarehe 14 Machi 2011 manispaa ilipoifunga zahanati, muuguzi akahamishiwa mjini na basi likawa linapita mara mbili tu kwa wiki, ndani ya mwezi mmoja kidonda kilimtokea Tsanko mguuni na daktari wa mjini akaanza kutaja msumeno.

Nedelka aliandika barua tatu manispaa, zisijibiwe, na mtu wa posta barua isiyojibiwa humuuma kuliko wengine, ndipo akachapisha tangazo la kifo lenye mstari mweusi pembeni, kama yale tunayobandika sote, likisema kwa majonzi makubwa Zahanati ya Kamenitovo, iliyozaliwa 1958, imefariki baada ya kutelekezwa, na mahali pa picha ya marehemu akaweka picha ya jengo. La kwanza alilibandika kwenye geti lake mwenyewe, na hapo alikosea, kwa kuwa shoga yake Dona hakuvaa miwani, akaona tu mstari mweusi, akakimbia kuleta maua sita, maana kwetu maua ya idadi shufwa ni ya wafu, na aliyemfungulia mlango ni Tsanko akiwa na suruali ya kulalia.
"Nani amekufa?" akauliza Tsanko.
"Si wewe!" akajibu Dona, akaketi kizingitini akalia, kisha akamtukana kwa kuwa hai.

Matangazo mengine yalikwenda kwenye nguzo, kwenye kituo cha basi, na kumi na mawili kwenye mlango wa vioo wa manispaa, ambapo mhudumu Gavril alitumwa ayabandue, akanyoosha mkono, akaurudisha, akamwambia mkubwa wake, "Bandua wewe, bosi, mimi nina mama nyumbani," na mkubwa naye alikuwa na mama, maana kwetu tangazo la kifo huondolewa na mvua na upepo tu, anayelibandua hukiita kifo nyumbani kwake.

Siku ya tisa tangu tangazo, wanawake kumi na wanane walikaa kwenye ngazi za manispaa na vitambaa vyeusi, wakigawa ngano ya kuchemsha yenye sukari, na polisi alipouliza, "Mama, mkusanyiko huu una kibali?" Nedelka alimpa kijiko, akamwambia, "Mkusanyiko gani, mwanangu? Haya ni matanga, kula." Padri Sotir alikuwa amegoma kuliombea jengo, ila kula alikuja.

Ilipofika arobaini, vijiji vingine kumi na kimoja vilivyofungiwa zahanati navyo vilikuwa vimeleta matangazo ya misiba yao, kioo cha mlango hakionekani, wafanyakazi wakiingia wameinamisha vichwa, na tarehe 2 Juni 2011 baraza likapiga kura kuzifungua zote. Muuguzi Vesela alirudi Jumatatu iliyofuata, akaanza na mguu wa Tsanko.

Tsanko alifariki mwaka 2017 kwa uzee, akiwa na miguu yake miwili. Nedelka alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Novemba 2021, akatibiwa kwa uvumilivu ambao yeye mwenyewe hakuwa nao, na tarehe 11 Mei 2023, saa nne asubuhi, aliaga dunia nyumbani kwake, Vesela akiwa amemshika mkono.

Familia inamshukuru Vesela, daktari anayekuja zahanati Jumanne na Ijumaa, wenzake wa posta waliobaki, na majirani waliopika tangu juzi. Vesela ameomba tutangaze pia kwamba, kwa kuwa jana alifunga mapema kwa ajili ya msiba, leo tukitoka makaburini atafungua mlango, na wa presha wapite kupimwa kabla ya chakula.

Haya, Nedelka, jilalie kwa utulivu, sisi tunapitia zahanati.