Mkono Mmoja wa Waya

Verdiana alikuwa anapukuchua mahindi, ungo mapajani na dole gumba limeshaanza kuwaka, Heche alipofika na habari. Pale Nyamisangura Heche aliitwa Redio, na matangazo yake yote yalianzia kwenye benchi lililoegemea ukuta wa nyumba ya Verdiana, ambapo watu walikunywa kahawa ya mama huyo kila jioni. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya vita. Sabuni ilikuwa kwa foleni na msumari kwa kujuana, na nguzo za umeme ndiyo kwanza zimefika mtaani.

— Mama Agustina, umeme wako umekataliwa!

— Na nani?

— Mkaguzi. Kapanda ngazi saa sita, wewe uko kwenye foleni ya sabuni. Kachungulia ile kofia ya bomba la nyaya juu ya paa, kaandika kwenye daftari, kashuka. Nyumba saba zinawashwa kesho. Yako hapana, mpaka mwakani.

Verdiana alivuta hindi jingine. Nikolaus, mume wake, alikuwa ameuza fahali kwa ajili ya umeme huo.

— Ni urefu, alisema kutoka kwenye benchi Selestine, aliyefagia mahakama miaka kumi na miwili akatoka na jina la Kanuni. Sheria inataka lori la pamba lipite chini ya waya na aliyekaa juu ya magunia asiiname.

— Lori gani linapita uani kwa mama huyu? Hata baiskeli inasukumwa.

Huyo alikuwa Machage, mfugaji kutoka Mbalibali, ambaye benchi lilimwita Mbogo.

— Sheria haiulizi linapita wapi.

— Mimi nasema ni ile kofia, alisema Mbogo. Imetazama chini kama mkwe. Umeme unatoka juu ya nguzo, utaingiaje kwa mtu aliyeinamisha uso? Ingetazama juu, iupokee.

— Ipokee na mvua, mura! alisema Kanuni.

— Mvua ikiingia si ndiyo inausukuma umeme ufike jikoni?

Walicheka. Redio alingoja wamalize, akashusha kikombe.

— Mmekosa wote. Ni Okeyo fundi. Mkaguzi kasema nyaya zimeishia mdomoni mwa bomba. Zilitakiwa zitokeze urefu wa mkono mmoja, zilegee, zishuke chini ya mdomo, ndipo zipande kuungana na za nguzo. Maji ya mvua yadondokee pale kwenye tumbo la waya, yasitiririke ndani. Okeyo kakata zile ncha, kauza Sirari, mpakani. Jina lake limeandikwa. Hatagusa tena nyumba mjini humu.

— Nilimwona na mkoba mzito, alisema Kanuni.

— Mzito sana, alisema Mbogo, ambaye hakuwa ameuona.

Verdiana alikuwa ameshika gunzi tupu, bado analisugua. Macho yake yalikwenda kwenye mguu wa benchi, kisha kwenye ndoo ya maji. Siku Okeyo alipokuwa msibani, Verdiana alikuwa ameona ncha mbili za waya zikining'inia juu ya paa, waya mzuri, bure kabisa, na benchi limevunjika mguu na duka la ushirika halina hata msumari mmoja. Alidhani fundi amesahau mabaki. Alipanda na koleo, akakata. Waya mmoja ulifunga mguu wa benchi. Wa pili ukawa mpini wa ndoo.

Okeyo mwenyewe alitokea kwenye kona, mkoba begani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba.

— Natoka kwa mkaguzi. Mama, niliacha mkono mzima nje, kila waya. Nani alipanda juu ya paa lako?

Redio alitazama ndani ya kikombe.

Verdiana aliweka ungo chini.

— Simameni.

— Kahawa bado, Mama Agustina.

— Simameni, nimesema.

Alipiga magoti, akafungua waya mzingo kwa mzingo. Benchi liliinama upande mmoja taratibu, kama ng'ombe anayelala. Akampa Okeyo.

— Nilipanda mimi. Mwingine uko kwenye ndoo.

Okeyo aliunyoosha, akaupima kwa mkono wake. Ulitosha.

— Huwezi kuunga?

— Kiungo hakiruhusiwi ndani ya bomba, mama. Ni kuvuta mpya kutoka kwenye mita, na waya haupo Tarime nzima. Ungeniuliza tu.

— Ningekuuliza.

Alijifunga kitenge vizuri.

— Huyo mkaguzi kafikia wapi?

— Gesti ya sokoni. Anaandika ripoti sasa hivi.

— Twende.

Redio alikuwa amesimama na kikombe chake, hana pa kukaa.

— Mama Agustina, na hii niitangaze?

— Yote. Ile ya wizi uliitangaza bila kuniuliza.

Mkaguzi alisikiliza, akageuza waya mkononi, akafuta jina la Okeyo kwa mstari mmoja. Nyumba aliiacha palepale ilipokuwa, mpaka mwakani.

Giza lilipoingia Verdiana alisonga ugali, akapakua mlenda na dagaa. Alihesabu vichwa kama kila siku: Nikolaus, mama mkwe, wanawe Agustina na Efrazia, na Okeyo, aliyekataa mara mbili kabla ya kukaa. Wote wapo. Akasogeza koroboi katikati, karibu na sahani ya fundi, akamgeukia.

— Nawa, baba.