Harrison Kaviha, Aliyetuma Ujumbe na Kuufuata kwa Baiskeli

Kaka yetu Harrison Kaviha, tuliyekuja kumsindikiza, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1960 katika kijiji cha kando ya mto, karibu na Tarasaa. Alikuwa kifungua mimba wa wazazi wetu. Mimi Ishmael, ninayesoma haya, ndiye kitinda mimba.

Alisoma shule ya msingi kijijini, na mafuriko yalipokuja alivuka kwa mtumbwi akiwa na vitabu kichwani. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, akaenda Mombasa kujifunza kupiga chapa.

Mwaka 1982 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya serikali, Hola. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa pale mwaka 1996, wenzake waliifunika kitambaa isiingie vumbi. Yeye aliifunua. Tangu hapo alipenda Mungu, mke wake, shamba lake la mpunga na kompyuta, ingawa mke wake alikuwa na shaka kuhusu mpangilio huo.

Mke huyo ni Lois, aliyefunga naye ndoa kanisani Garsen tarehe 5 Desemba 1987. Walijaliwa Hudson, Christabel na Everline.

Harrison aliamini kwamba ujumbe ni mgeni, na mgeni hupokewa. Alimtumia rafiki yake Said, muuza vipuri wa hapa Garsen, barua pepe, kisha akapanda baiskeli kwenda kumuuliza, "Ujumbe umefika?" Said alikuwa hajawasha kompyuta. Harrison alimweleza yote aliyoandika, akanywa chai, akarudi nyumbani ameridhika.

Alipostaafu mwaka 2015 alifungua chumba cha kompyuta Garsen. Yeye na Everline wakaanzisha chama cha wapenzi wa kompyuta, chenye kundi la WhatsApp. Humo ndimo baba na binti walipokosana. Vijana waliandika neno moja, au walituma kikatuni kinachocheka tu. Harrison aliandika tarehe, mahali, salamu kwa kila nyumba, kisha habari yenyewe, na mwisho jina lake kamili. Kijana mmoja, Mangi, alimwambia, "Nikimaliza kusoma nitakuwa nimeota mvi."

"Baba, huku watu hawaandiki barua," Everline alimwambia.

"Na kwa watu mnaingia bila hodi?"

Vijana walifungua kundi lingine bila yeye. Alipojua aliacha kwenda chumba cha kompyuta, na nyumbani yeye na Everline waliongea habari za chakula tu. Lois aliogopa kwamba kifo kitawatenganisha kabla hawajapatana.

Februari 2025 alipata kiharusi. Alilazwa hospitalini Malindi, na aliporudi mkono wa kulia ulikuwa hauwezi kuandika. Everline aliketi karibu naye, akashika simu, akamwonyesha pa kubonyeza ili arekodi sauti. Awali Harrison alikuwa akiziita sauti hizo kelele za sokoni. Siku hiyo alibonyeza. Alitaja tarehe, akataja Garsen, akasalimu kila nyumba, hata ya Mangi, akasema anaendelea vizuri na kwamba amewakumbuka. Akamalizia, "Ni mimi, Harrison Kaviha." Everline aliituma katika lile kundi ambalo baba yake hakuwamo.

Walisikiliza hadi mwisho. Wa kwanza kujibu alikuwa Mangi, na alianza kwa tarehe. Jioni ile Harrison aliingizwa kundini, na mtu akicheka peke yake chumbani tulijua ni yeye anasikiliza simu. Hata vikatuni alianza kuvituma, ila alitanguliza salamu.

Alilala usingizi wa mwisho nyumbani kwake Garsen asubuhi ya tarehe 14 Juni 2025, Lois na Everline wakiwa naye. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, na chama kizima.

Habari ya kifo chake Everline aliiandika kundini: tarehe, mahali, salamu kwa kila nyumba, na jina lake kamili mwisho. Mangi na wenzake hawakujibu kwa simu. Walipanda baiskeli wakaja.

Pumzika kwa amani, kaka. Ujumbe umefika.