Kisanduku Nilichokiacha Kitupu

Wapendwa, nivumilieni. Nitaeleza kwa mpangilio, lakini hasira haijaniisha, na nyingi ni ya kujikasirikia mimi mwenyewe.

Nilipofika Mantapala, kambi hii yetu ya wakimbizi hapa Zambia, kutoka Kongo, kazi niliyoijua ilikuwa kuoka mikate. Nilijenga tanuri la udongo Nchelenge, karibu na ziwa, nikawauzia wavuvi na wanunuzi wa samaki. Familia yangu ilikula kutoka tanuri hilo tu.

Mnakumbuka ile formasyo, yale mafunzo ya biashara tuliyofanyia hapa. Tulipewa karatasi yenye visanduku vinne: nguvu, udhaifu, nafasi, hatari. Vitatu nilivijaza. Mwalimu akauliza, "Papa, hakuna hatari?" Nikajibu, "Kwa jina la Yesu, hakuna!" Nanyi mkapiga makofi. Ndugu zangu, nawaambia kweli: sisi tunaogopa kutaja baya, tukidhani kulitaja ni kuliita.

Desemba ikafika. Ziwa likafungwa ili samaki wazaane, hadi mwisho wa Februari. Mitumbwi ikalala ufukweni, wavuvi wakaondoka. Mimi niliendelea kuoka. Mikate ikaota ukungu, unga ukaingia wadudu. Nikafunga kwa maombi siku tatu. Nikamshuku hata jirani kwamba ameniroga! Watoto wakawa wanakula mkate uliokwanguliwa ukungu.

Siku moja alipita mama wa Kizambia, muuza samaki, mteja wangu. Akacheka.

"Ba tata, ziwa linafungwa kila mwaka. Hata kuku wangu wanajua!"

"Mama, usinicheke."

"Nacheka, ndiyo. Batu ya mukate yako beko wapi sasa?"

Sikujua. Nilikuwa na karatasi yenye maneno mazuri, na sikujua wateja wangu wako wapi!

"Basi enda uone," akasema.

Nilienda. Wiki nzima nilitembea nikiandika nilichokiona. Watu walikuwa mashambani, wakipalilia tangu alfajiri bila kula. Kule Kafutuma, akina mama walikaa kwenye kituo cha afya wakingoja watoto wapimwe uzito, njaa ikiwauma. Nikachukua karatasi mpya, nikaanza na hatari: ziwa kufungwa. Hapo tu ndipo nafasi ilipoonekana. Nikajenga tanuri la pili hapa Mantapala, nikaoka mikate midogo ya kubeba shambani.

Sikutajirika. Lakini mwaka uliofuata, Novemba ilipoisha, nilikuwa nimeshahama ufukweni kabla ya wavuvi.

Namshukuru yule mama na kicheko chake kilichoniudhi. Nawashukuru nyinyi mlionikopesha unga wa kuanzia tena. Funzo langu ni hili: itaje hatari kwanza, kisha uiombee ukiwa umeiandika.

Wa mwisho ni mke wangu, aliyekanda unga miezi yote hiyo bila kunisuta. Tangu Oktoba alikuwa ameniambia, "Papa, wavuvi wanasema ziwa litafungwa." Nikamwambia anyamaze, hana imani. Mama wa watoto wangu, niko mbele ya watu wote: ulisema kweli. Nisamehe.