Bibi Tsuyako na Pete ya Gramu Sita Nukta Mbili

Ndugu, majirani na wote mliokuja kufukiza ubani, mimi ni Chinami, mjukuu wa marehemu, nasoma kwa niaba ya baba yangu Shigenori, ambaye ameniomba nisome taratibu na nisigombane na mtu.

Marehemu Bibi Kurashina Tsuyako alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 hapa Kofu, mtoto wa tatu wa wakulima wa zabibu, akasoma hapahapa mjini hadi Machi 1956, na mwezi uliofuata akaajiriwa kwenye kiwanda cha vito, chumba cha kuyeyushia mabaki ya platini, akakaa humo miaka arobaini na mitano. Tarehe 8 Novemba 1964 aliolewa na Bwana Kurashina Yoshimitsu, fundi wa kiwanda hichohicho, aliyemfulia pete kwa mkono wake mwenyewe, wakajaliwa mtoto mmoja, baba yangu, mwaka 1968, na babu akatutoka tarehe 20 Mei 2009.

Alipostaafu, akina mama wa mtaa walimletea pete na mikufu kabla ya kwenda kuuza, naye akawafundisha pale mezani kung'oa kito kwanza, kupima madini matupu, kusoma chapa ya ndani, kwamba 900 ni sehemu mia tisa za platini katika elfu, kuzidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, kisha kutoa gharama ya kuyeyusha. "Ukimtazama mnunuzi usoni badala ya kutazama mizani, shoga, umekwisha," aliwaambia, na Mama Amemiya, jirani yetu aliyeketi pale mbele, akamjibu, "Mimi nilimtazama mume wangu usoni, ona nilichopata."

Maradhi ya kusahau yalimwanza mwaka 2022. Tarehe 11 Septemba mwaka huu wa 2024 kijana mwenye suti alibisha hodi akisema ananunua nguo kuukuu, akaiona pete kidoleni, akasoma chapa ya Pm, jinsi mafundi wa zamani walivyoiandika platini, akamwambia, "Bibi yangu, ingekuwa platini ingeandikwa Pt," na mwanamke aliyeyeyusha Pm maisha yake yote akaivua, akapokea risiti na yeni elfu mbili, ambazo hazifiki hata moja ya kumi ya thamani yake. Siku ile alinipigia simu mara mbili, nilikuwa Tokyo kwenye mdahalo wa vyuo, sikupokea.

Sheria inatupa siku nane za kudai kitu kilichonunuliwa mlangoni namna hiyo, nami nilijua habari hizi siku ya sita. Baba alisema, "Acha, Chinami, hata hakumbuki," nikamwambia, "Baba, anakishika kile kidole kutwa nzima, nani hakumbuki?" Kampuni ya yule kijana ilijibu kwamba pete imeshayeyushwa, nikawaandikia, nikawasomea sheria kifungu kwa kifungu kwenye simu, na tarehe 27 Septemba wakatuma kwa posta pete mpya inayong'aa, gramu sita nukta mbili, uzito uleule wa kwenye risiti, chapa Pt900, pamoja na barua ya kusema suala limefungwa. Nilishinda. Bibi aliiweka kwenye mizani yake, akapiga hesabu kwa penseli, gramu tano nukta hamsini na nane za platini, hakukosea, akaniambia, "Wamelipa sawasawa, mwanangu, andika nimepokea," akairudisha kwenye bahasha. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za pete, wala za babu.

Alilazwa tarehe 2 Novemba kwa nimonia, akafariki tarehe 14 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia siku zote hizi, na wenzake wa chumba cha kuyeyushia waliofika leo wakitembelea fimbo. Mmetuuliza kama tutamvisha ile pete. Hapana, penye kuchomea mwili hawaruhusu madini, na hata wangeruhusu, ile si yake.

Bibi, nenda ukapumzike, kidole kitupu.