Vifupi vya Taa ya Buluu

MAMA CHUPA: Haloo? Nani mwenzangu?

MKUU: Mimi Mkuu wako. Natumia simu ya dereva, yangu imezima.

MAMA CHUPA: Aa, shikamoo Mkuu.

MKUU: Marahaba. Uko maabara?

MAMA CHUPA: Tangu saa kumi na mbili.

MKUU: Vizuri. Wageni wa kiwanda cha dawa wanaingia saa nne. Zile chupa za vimche vya taa ya buluu umeshazitupa?

MAMA CHUPA: Hapana.

MKUU: Jana si nilikwambia—

MAMA CHUPA: Uliniambia. Nilisikia.

MKUU: Sasa? Vimche vimedumaa, majani kama yameungua! Waonyeshe vya taa nyekundu, virefu, vinapendeza macho.

MAMA CHUPA: Macho, ndiyo. Dawa haimo.

MKUU: [Mtandao unakwaruza.] Unasema? Unakatika—

MAMA CHUPA: Dawa haimo! Nilipeleka majani kwa mkemia, ya taa zote mbili. Majibu yametoka jana. Vifupi vya buluu vina dawa mara tatu ya virefu vyako.

MKUU: Nani alikutuma?

MAMA CHUPA: Miaka minne nawasha taa hizi na kuzizima, Mkuu. Nitumwe na nani tena?

MKUU: Ripoti ya taa nyekundu ina jina langu.

MAMA CHUPA: Na vipimo ni vyangu. Ulisema nipime urefu, nikapima urefu. Dawa hukuniambia nipime.

MKUU: Basi tuyaongee wakishaondoka.

MAMA CHUPA: Wakishaondoka watakuwa wamechagua. Wataweka taa nyekundu kiwanda kizima, wagonjwa wa kifua wameze majani matupu.

MKUU: Usitie chumvi. Nani amelalamika?

MAMA CHUPA: Mzee wangu hakulalamika.

MKUU: Baba yako... alitumia haya majani yetu ya taa nyekundu?

MAMA CHUPA: Wiki sita. Nilikuwa namchemshia mwenyewe kila asubuhi.

MKUU: Hukuniambia.

MAMA CHUPA: Ulisaini ruhusa yangu ya kwenda kumzika. Hukuuliza.

MKUU: Pole. Pole sana, mama. Lakini leo unataka kuniumbua mbele za watu. Zitupe. La sivyo acha ufunguo mezani, uende.

MAMA CHUPA: Ufunguo nimeshauweka. Chupa sitazitupa.

MKUU: Unacheza na kazi!

MAMA CHUPA: Kazi gani, Mkuu? Ya kupanga chupa zipendeze? Nimezipandisha rafu ya juu, na karatasi ya mkemia nimeibandika ukutani, herufi kubwa.

MKUU: Nakuja! Dereva, kanyaga— Usimfungulie mtu, unasikia?

MAMA CHUPA: Wanagonga. Wamewahi.

MKUU: Mama Chupa! Dada yangu, nakuomba—

MAMA CHUPA: Karibuni! Karibuni ndani, viatu mviache hapo. Ndiyo, mimi ndiye ninayevikuza. Hapana, tusianze na virefu. Njooni huku, kwenye hivi vifupi.

MKUU: Haloo? Haloo!

MAMA CHUPA: Mkuu, nakata. Nimeshaanza kuwaeleza. Ukifika, ya urefu utaeleza wewe.