Kalamu Nyekundu ya Afande

Kwenye taksi ya kutoka Jinja, Mama Nusifa, muuza vitenge wa Namakwekwe, alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti kwamba madaktari huandika dawa zisizo kwenye orodha ya hospitali kwa sababu wauzaji wa dawa huwapa kalenda. Jirani alikuwa Afande Aloysius, mstaafu wa magereza, aliyewahi kugawa dawa katika hospitali ya gereza.

"Hata mimi niliamini hivyo, mama. Dawa ya nje ya orodha niliikata kwa kalamu nyekundu, nikampa mgonjwa ile yetu."

"Ulifanya vizuri, afande!" Mama alisifu kabla hajamaliza kusikia.

"Arnold, askari wetu, nilimkatia mara tatu. Kumbe ile yetu ilikuwa imeshindwa kuzuia kifafa chake, ndiyo maana daktari aliandika nyingine. Mara ya nne hakuja."

"Si daktari angekuambia?"

"Aliandika sababu pembeni. Mimi nilisoma jina la dawa tu."

"Lakini kalenda wanapewa," Mama akasema.

"Wanapewa."

Taksi ikapunguza mwendo. "Nkoma kuna mtu wa kushuka?" konda aliuliza.

"Mimi," alisema Afande, bila kuinuka. "Mjane wa Arnold anakaa hapa. Habari ya kalamu bado haijui."