Barua Mbili za Oronzo

Ndani ya basi la kwenda Taranto, mji wa bandari Italia, wajane wawili waligundua kwamba wote wanapeleka barua kwa tume inayochunguza nyambizi iliyopotelea vitani. Mwandishi wa barua zote mbili alikuwa mtu mmoja: Oronzo, baharia wa nyambizi hiyo. Nami, kiti cha nyuma yao, nikajifanya nasoma gazeti.

"Mimi ndiye mke wa ndoa," alifoka Cosima. "Barua yangu ni ya tarehe tatu."

"Yangu ya tisa," Filomena alinong'ona.

"Mwizi wa waume we! Lete!"

Cosima akampokonya barua, akaisoma kwa sauti: betri zinavuja gesi, wenzetu wanazimia. Kisha akafungua yake: hali shwari, mke wangu.

"Hakutaka uogope, dada."

"Usiniite dada! Soksi zake nifue mimi, ukweli akuandikie wewe?"

Basi likasimama langoni mwa jeshi la majini, ilipokuwa tume. Cosima alishuka kwanza, barua zote mbili mkononi mwake.